Wanafunzi wa Chuo Kikuu Wakija Kijijini: Somo la Kikundi

Safari hii tunalo somo ambalo vikundi kadhaa vimetuomba. Swali ni hili: wanafunzi wa chuo kikuu wakituma habari kwamba wanataka kuja kwetu, wakae wiki tatu au mwezi, watengeneze kitu pamoja na kikundi na shule iliyo karibu, je, tuwakubali? Jibu letu fupi ni ndiyo, lakini kwa masharti. Jibu refu ndilo somo lenyewe. Lisomeni mkiwa mmekaa pamoja, mmoja akisoma kwa sauti, na msimame pale mnapotaka kubishana.

Kwanza tuungame

Miaka kadhaa iliyopita ofisi hii yetu ilileta wanafunzi wa chuo kikuu fulani kwa kikundi kimoja cha akina mama. Chuo hatukitaji, maana kosa lilikuwa letu pia. Walikuwa vijana kumi na wawili na mwalimu wao, watu wenye adabu na bidii, wala hatuna neno baya juu ya tabia zao. Walikuja na mchoro tayari mkononi: kikaushio cha maembe kinachotumia jua. Kikundi kikatoa mbao, kikatoa Jumamosi tatu za kazi, na mweka hazina akafungua sanduku akanunua unga, sukari na nyama ya kulisha wageni. Siku ya kukifungua tulikuwa na nyimbo, hotuba na picha nyingi.

Msimu wa pili ile plastiki iliyofunika kikaushio ikachanika. Plastiki ya aina ile haiuzwi sokoni kwetu. Bolti zilikuwa za ule mtindo wa kufunguliwa kwa ufunguo wa pembe sita, na ufunguo wenyewe ulikuwa umerudi mjini ndani ya mkoba wa mwanafunzi mmoja. Fundi wetu wa jua kali akajaribu kwa koleo, akaharibu vichwa vya bolti. Leo kuku hutaga humo mayai.

Tulipokwenda kuomba radhi, yule mweka hazina, mama wa makamo asiye na maneno mengi, alituuliza jambo moja tu: "Nani alituuliza kama tunataka kukausha maembe?" Hatukuwa na jibu. Kumbe maembe yao yote yalikuwa yakinunuliwa shambani na watu wa lori. Taabu yao ilikuwa kuni. Walikuwa wakipoteza asubuhi nzima kutafuta kuni, na wasichana walikuwa wakifika shuleni kengele imeshalia. Wanafunzi hawakuuliza. Sisi tulikuwa katikati, tukijua lugha zote mbili, na sisi pia hatukuuliza.

Baada ya hapo tulianza kutafuta kama kuna mahali ambapo wanafunzi wa chuo na wanakijiji walishughulikia jambo la kupikia wakafika mbali. Tulipata habari za Haiti, na zinafaa kusimuliwa taratibu kwa sababu hazikuanza vizuri hata kidogo.

Karatasi zisizowaka

Haiti ni nchi ndogo katika bahari ya Karibi. Watu wake wengi hupikia kuni na makaa, na misitu yake imekatwa ikabaki kidogo sana. Huko Marekani, katika mji wa Cambridge, kuna chuo kikuu cha sayansi na ufundi kinachoitwa MIT. Mwalimu mmoja wa pale, Bi. Amy Smith, ni mhandisi ambaye aliwahi kuishi Botswana akifundisha, akiwa mfanyakazi wa kujitolea. Mwaka 2002 alianzisha darasa la kupeleka wanafunzi wa uhandisi Haiti wakafanye kazi na wenyeji. Darasa hilo ndilo lililokua likawa D-Lab, ambayo baadaye ilituma wanafunzi nchi nyingi, hata hizi zetu za Afrika Mashariki.

Katika kijiji walichofikia, mgeni mmoja wa kujitolea alikuwa na wazo la kugeuza karatasi zilizotupwa ziwe vitonge vya kuwashia moto. Alikuwa na mashine ndogo ya mkono ya kuvikamua, lakini ilikuwa ya polepole. Wanafunzi wakafurahi. Wakaikazia macho ile mashine, wakabadilisha hiki na kile, ikawa inatoa vitonge mara tatu ya zamani. Wakabeba vitonge hadi chuoni kwao kuvipima. Havikuwaka! Kisha wakagundua jambo la pili ambalo lingeonekana siku ya kwanza kama mtu angetembea kijijini na kutazama: hakukuwa na karatasi za kutupwa. Zile chache zilizotumika zilikuwa za ofisi, zimebebwa kutoka mbali na yule mgeni mwenyewe.

Tusiwacheke haraka. Ni mambo yale yale ya kikaushio chetu cha maembe. Mtu mwenye elimu akionyeshwa mashine mbovu, mkono wake unamwasha kuitengeneza, hata kabla ya kujua kama mashine hiyo inahitajika na mtu yeyote. Tofauti ni moja tu. Hawa wa Haiti walirudi. Walikubali kwamba kazi yao haikufaa, wakaanza upya na swali lingine: ni kitu gani kipo hapa tayari, kingi, na hakina kazi?

Wakaona makapi ya miwa. Huko Haiti kuna vinu vidogo vya kukamua miwa, kama vile vya sukari nguru tulivyo navyo sehemu za magharibi mwa Kenya, na kando ya kinu kunabaki lundo la makapi. Wakayachoma ndani ya pipa kwa hewa kidogo mpaka yakawa makaa. Lakini makaa ya makapi ni vumbi jepesi tu, hayashikani. Yalihitaji gundi. Hapa ndipo tunapenda sana habari hii, kwa sababu gundi haikutoka maabara, ilitoka jikoni. Ilikuwa uji wa muhogo, kitu ambacho kila nyumba pale inakijua. Uji ukachanganywa na vumbi la makaa, ukafinyangwa, ukaanikwa, na vitonge vikawaka.

Wazo hilo lilipohamia nchi nyingine halikwenda vile vile lilivyo. Huko India waligeukia mabua ya ngano, na gundi ikawa samadi ya ng'ombe. Ghana wakajaribu magunzi ya mahindi, wakaona hayahitaji gundi wala kufinyangwa, kwa maana gunzi likishakuwa makaa linabaki na umbo lake, unalitia jikoni hivyo hivyo. Kila mahali watu waliangalia kwanza walicho nacho.

Jinsi pipa linavyofanya kazi

Vikundi vingi vitataka kujaribu, basi tueleze. Tafuteni pipa la chuma la lita 200 lililokuwa na mafuta ya kawaida. Pipa la dawa za shamba au kemikali msilitumie kabisa, hata likioshwa. Chini yake toboeni matundu machache, kila moja upana wa vidole vitatu hivi. Juu kateni mdomo mpana wa kujazia, na kitafutieni kifuniko cha bati kinachofunika vizuri. Lichomwe kwanza likiwa tupu mpaka mafuta yote yaishe.

Likalisheni juu ya mafiga matatu, nje mahali pa wazi, ili hewa ipande kutoka chini. Jazeni magunzi makavu kabisa bila kuyashindilia. Washeni chini. Moshi wa kwanza ni mzito na mweupe, na unatoa machozi kweli kweli, basi watu wakae upande ule upepo unakotoka na watoto wakae mbali. Moshi ukishapungua na kuwa mwepesi, fanyeni haraka: funikeni juu, ondoeni mafiga kwa mti mrefu ili pipa likae chini, na zibeni pembeni na kwenye kifuniko kwa mchanga au udongo, hewa isipate hata tundu la sindano. Gunzi lililo moto likikosa hewa linabaki kuwa makaa. Likipata hewa linaendelea kuungua mpaka jivu. Ndiyo maana mwenye pupa ya kuzibua mapema anakuta jivu, au anaona moto unamrukia usoni. Subirini saa mbili au zaidi, mpaka pipa liguswe kwa mkono bila kuunguza.

Kwa makapi ya miwa au mabua, saga yale makaa, changanya na uji mzito wa muhogo kidogo kidogo mpaka yashikane mkononi, finyanga, anika juani siku kadhaa. Msimimine uji mwingi. Kitonge kilichojaa uji kinatoa moshi. Na neno la uzima, tafadhali lirudieni kwa sauti: jiko la makaa yoyote lisilazwe ndani ya chumba kilichofungwa usiku kwa sababu ya baridi. Hewa yake haina harufu na inaua waliolala.

Sasa na sisi tuseme wazi tusije tukarudia kosa. Huku kwetu magunzi si takataka. Nyumba nyingi huyachoma hivyo hivyo, wengine huwasagia ng'ombe. Na kwenye vinu vya sukari nguru makapi mengi hurudishwa chini ya karai kuchemsha maji ya miwa. Kwa hiyo pipa lina faida mahali ambapo kweli kuna mabaki yanayooza au kuchomwa ovyo shambani, na mahali ambapo mtu yuko tayari kubadilisha wingi wa magunzi apate moto usio na moshi mwingi jikoni. Kikundi kingine kitajaribu kione ni kazi bure kwao. Hilo pia ni jibu, na wanafunzi waandike jibu hilo kwenye ripoti yao kama walivyolisikia.

Watoto wa shule wapewe kazi gani

Mara nyingi shule inaletwa ndani ya mradi kwa ajili ya picha. Watoto wanapangwa mstari, wanaimba, wanapewa kalamu. Tunaona shule ina kazi nzito kuliko hiyo: ndiyo iwe mahali pa kupima. Tangu mtaala wa CBC uanze mwaka 2017 walimu wanatafuta kazi za mikono ambazo watoto wanaweza kufanya na kuziandika, na hii ni moja.

Chukueni sufuria moja, lita 2 za maji, na jiko moja. Pimeni kilo moja ya makaa ya kawaida ya sokoni, washeni, mtoto mmoja ashike saa aandike dakika za maji kuchemka. Kisha aandike moto umedumu muda gani. Siku nyingine, wakati ule ule na upepo ule ule kama inawezekana, rudieni kwa kilo moja ya makaa ya magunzi. Fanyeni mara tatu kila aina, maana mara moja haitoshi. Darasa la watoto arobaini wakishaandika hayo daftarini, hakuna mwanafunzi wa chuo atakayewaambia wazazi wao kwamba kitu kinafanya kazi wakati hakifanyi. Na mama akiuliza, "Je, haya makaa yanaweza kuivisha githeri?", jibu liko kwenye daftari ya mtoto wake.

Wanafunzi wa chuo nao wajifunze hapo hapo. Wengi wao wamepima vitu ndani ya chumba kisicho na upepo.

Baiskeli ya Arusha na kiti cha magurudumu

Jirani zetu wa Arusha wana habari inayotufaa. Kupukuchua mahindi kwa mkono mnakujua: vidole vinatoka malengelenge, na gunia moja linakula siku. Kulikuwa na mashine za kupukuchua zinazoendeshwa kwa pedali za baiskeli, zilizobuniwa Guatemala, lakini baiskeli ikishachomelewa pale haiwi baiskeli tena. Mwanafunzi mmoja wa MIT, Jodie Wu, alifika Tanzania mwaka 2008 na darasa la D-Lab akashughulikia mashine hiyo. Mkulima wa kawaida ana baiskeli moja, nayo ndiyo inabeba maji, mtoto na mkaa. Hawezi kuitoa sadaka kwa mahindi. Basi kazi ikawa kutengeneza kifaa kinachofungwa kwenye baiskeli wakati wa kupukuchua na kufunguliwa jioni, baiskeli iende dukani kama kawaida. Mwaka 2009, alipomaliza masomo, alirudi Arusha kuanzisha kampuni ya vifaa kama hivyo.

Lakini kwetu mtu wa kutazama zaidi ni fundi wa baiskeli wa hapo hapo Arusha, Bernard Kiwia. Yeye hakusubiri mwanafunzi ndipo abuni. Alishaunda kifaa cha kuchaji simu kwa mwendo wa baiskeli akitumia mota ndogo ya redio. Kuanzia mwaka 2007 Bi. Smith na wenzake walianza kuitisha mikutano ya ubunifu ya wiki kadhaa ambapo fundi, mkulima, mwanafunzi na mwalimu wa chuo hukaa meza moja na kuunda vitu pamoja, na Kiwia alishiriki. Baadaye alisaidia kuanzisha karakana iitwayo Twende, ambayo imefundisha wanafunzi wa shule na watu wa vijijini kubuni na kutengeneza vifaa vyao wenyewe. Wageni walirudi kwao, karakana ikabaki na fundi wake. Hapo tofauti na kikaushio chetu mnaiona bila sisi kusema.

Nani atatengeneza kitu kikiharibika? Swali hili Bi. Smith alikutana nalo tangu zamani. Kila aliye karibu na mashine ya posho anajua lile bati lenye matundu linalochuja unga. Likitoboka unga unatoka na chenga, na bati jipya halitengenezwi na kila fundi, linaagizwa. Sehemu nyingine mashine nzima husimama kwa sababu ya bati hilo. Yeye alibuni mashine isiyokuwa na bati hilo kabisa. Hewa inayozungushwa ndani ndiyo inayotenganisha unga na chenga. Hakuongeza kitu, alitoa kile kilichokuwa kikiwashinda watu.

Na kuhusu kusema "hapana" mbele ya mgeni, wacha tuwape mfano mmoja. Kulikuwa na mwanafunzi wa MIT, Amos Winter, aliyeona jinsi watu wasioweza kutembea wanavyohangaika na kiti cha kawaida cha magurudumu kwenye njia za mawe na matope. Yeye na wenzake wakabuni kiti chenye fimbo mbili ndefu za kusukuma, zinazovuta minyororo ya baiskeli. Ukishika fimbo juu unapata nguvu ya kupanda mlima. Ukishika chini unapata mwendo. Vipuri vingi ni vya baiskeli, fundi wa kijijini anavijua. Walipokipa watu wa Afrika Mashariki wakijaribu, mwaka 2009, wenye kukitumia walisema ukweli: nje ni kizuri, ndani ya nyumba ni kizito na kipana mno, hakifai. Wabunifu wakarudi mezani, wakakipunguza uzito na upana, wakakipeleka kujaribiwa tena Guatemala. Kama wale watu wetu wangekaa kimya kwa adabu, wakasema tu "asante sana, ni kizuri", kiti kingebaki kizito hadi leo.

Hapa tuna ugonjwa wetu wenyewe, tuukubali. Mgeni akija na zawadi sisi tunashukuru. Mama anaona kwamba mlango wa jiko jipya ni mdogo, sufuria ya chama haiingii, lakini ananyamaza kwa sababu kijana ametoka mbali na amechoka. Akishaondoka ndipo tunasema. Si adabu hiyo, jameni. Yule kijana amekuja kusoma, na sisi tunamnyima somo lake.

Nehemia alitembea kwanza

Fungueni Nehemia sura ya 2, kuanzia mstari wa 11. Huyu alikuwa mtu mkubwa, ametoka kwa mfalme na barua. Angeweza kuitisha baraza siku ile ile na kutangaza mpango. Badala yake alikaa siku tatu, akatoka usiku na watu wachache, akazunguka ukuta akitazama palipobomoka na malango yaliyoungua. Baada ya kuona kwa macho yake ndipo akasema nao, na alisema nao kama mmoja wao.

Kisha someni sura ya 3, ile ambayo wengi tunairuka kwa sababu ni majina matupu. Tazameni ni nani waliojenga: makuhani, wafua dhahabu, wafanya manukato, na mstari wa 12 mtu aliyejenga pamoja na binti zake. Wengi walitengeneza sehemu iliyoelekea nyumba zao. Mstari wa 5 unataja wakubwa waliokataa kutia shingo zao kazini. Kikundi kitafakari: kwenye mradi wetu wa mwisho, nani alikuwa mfua dhahabu, na nani alikuwa wale wa mstari wa 5?

Mambo ya kukubaliana kabla wageni hawajapanda matatu

Barua ya chuo ikija, msiijibu siku hiyo. Iletwe kwenye mkutano isomwe. Kubwa kuliko yote, ombeni kwamba siku za kwanza kusiwe na kujenga chochote. Wageni waende kisimani, waende sokoni, wakae jikoni moshi uwaingie machoni, wahesabu wenyewe saa za kazi za mama mmoja tangu alfajiri. Wakisema hawana muda huo, basi wana mchoro tayari mfukoni, na ni heri kujua mapema.

Fundi wa hapa awepo tangu siku ya kwanza, siyo siku ya kushika tochi. Wengi wa mafundi wetu walitoka kwenye vyuo vya ufundi vya vijijini, vile vilivyoanzishwa na Baraza la Makanisa miaka ya 1960, baada ya ripoti yake ya 1966 kuhusu watoto waliomaliza shule ya msingi wakakosa pa kwenda. Hawa ni hazina yetu. Alipwe siku zake za kazi kama mgeni anavyolipiwa chakula, na yeye ndiye ashike nyundo wakati mwanafunzi anashika ubao, kisha wabadilishane. Bolti, mota, bati, kila kitu kinunuliwe mahali tunapofika kwa nauli ya matatu moja. Kisichopatikana hapo, kibadilishwe kwenye mchoro.

Habari za pesa ziandikwe. Nani analisha wageni? Sanduku la kikundi lisiguswe kwa jambo hili bila kura. Kitu kikikamilika ni cha nani, cha shule au cha kikundi, na ufunguo unakaa kwa nani? Picha za watoto zisichukuliwe mpaka mwalimu mkuu na wazazi wakubali. Na kuwe na tarehe ya kurudi, baada ya mvua moja ndefu kupita, hata kama ni mwalimu wao peke yake atakayekuja, aone kama kuku wameshahamia.

Wale akina mama wa kikaushio wamepata barua nyingine, ya chuo kingine. Safari hii tumeileta kwao ikiwa imefungwa, hatukujibu kwa niaba yao. Walijadiliana muda mrefu, wengine wakisema "wageni basi". Yule mweka hazina ndiye aliyesimama mwisho. Alisema waje, lakini siku tatu za kwanza watoke naye saa kumi na moja asubuhi kwenda kuni, na kila mmoja arudi na mzigo wake mgongoni. Katibu akaandika hivyo, na barua ikatumwa. Majibu bado hayajafika.

Sasa jadilianeni. Ni kazi gani katika kijiji chetu inayokula saa nyingi za akina mama au watoto kuliko zote, na tunajuaje? Ni kitu gani hapa kimejaa na hakina kazi? Kuna chombo gani kilicholetwa na wageni ambacho kimelala, na kilikosa nini: kipuri, fundi, au kilikosa mtu wa kukihitaji tangu mwanzo? Mara ya mwisho tulipoona kasoro tukanyamaza mbele ya mgeni ilikuwa lini, na nani aliumia? Katibu aandike majibu kwenye daftari ya mikutano, pamoja na yale ambayo hamkukubaliana.